Katika Muwa Hakitupwi Kitu

Mabwana wakulima, mtu aweza kuvuna miwa mingi na papo hapo akateketeza nusu ya faida yake. Katika safari zangu za kazi upande wa Nyanza nimeona mara nyingi jambo hili la kusikitisha: mtu akimaliza kukata miwa, hutia moto majani na vilele vyote. Kiangazi kikifika, mtu huyo huyo huenda kununua majani ya kulisha ng'ombe wake.

Tutazame desturi ya kiwanda. Katika tani 100 za miwa hupatikana sukari kama tani 10, makapi yapata tani 30, na molasi tani 3 au 4. Makapi huchemsha maji yatoayo mvuke wa kuendesha mitambo. Huko Mumias yaliwahi kutoa hata umeme wa kuuzwa nje ya kiwanda. Molasi hulisha mifugo na kutengeneza spiriti. Ikiwa kiwanda hakitupi, mbona sisi twachoma?

Basi vilele vya kijani vikatwe vipande vidogo, ng'ombe walishwe vingali vibichi. Kwa kuwa havijengi mwili vya kutosha, vichanganywe na majani ya viazi vitamu. Majani makavu nayo yalazwe baina ya mistari: yatahifadhi unyevu, yatazuia magugu, na yakioza yatakuwa mbolea ya machipukizi.

Kwa hiyo, bwana, kabla hujawasha kiberiti, mfikirie kwanza ng'ombe wako.