Simu haijaua kibanda umiza

MEI 25, 2025 Simba ilipotoka sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na kulikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa jumla ya mabao 3-1, mashabiki wengi wa Morogoro hawakuwa na namna ya kufika uwanjani. Walibaki na televisheni, na simu ya kutaniana na jamaa walio mbali.

Hali hiyo inawapa maswali wenye vibanda umiza wa Kilakala. Iwapo kijana anaweza kutazama mechi kwenye simu huku akishangilia na wenzake kwa WhatsApp, kiingilio atalipa cha nini?

Jibu la kwanza liko kwenye bando. Ujumbe wa maandishi hula data kidogo mno, lakini picha za mechi ya dakika 90 zinaweza kumaliza gigabaiti moja au zaidi. Mkulima anayeteremsha mboga kutoka Uluguru hadi Soko la Chifu Kingalu hulitumia bando hilohilo kuulizia bei. Kulimaliza kwa mechi moja ni hasara.

Jibu la pili ni muda. Matangazo ya intaneti hukatwa vipande vidogo, na simu huviweka akiba kwanza ili picha isikwame. Kwa sababu hiyo mara nyingi huchelewa nyuma ya dishi, pengine kwa nusu dakika. Anayetazama kwa simu husoma "goooo!" ya rafiki yake wakati kwake mpira ungali katikati ya uwanja. Utamu umekwisha.

Kwa hiyo kibanda bado kina bidhaa ya kuuza: picha kubwa, isiyochelewa. Simu ibebe utani. Mwenye kibanda anaweza kufungua kundi la wateja wake, akatangaza ratiba humo, na kuongeza kipato kwa chai, chipsi na kuchaji simu.

Hata hivyo, asisahau gharama za haki ya kuonyesha. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni kwa matangazo ya Ligi Kuu. Aliyelipa kiasi hicho ana sababu ya kuilinda mali yake, na king'amuzi kilicholipiwa kwa matumizi ya nyumbani si kibali cha kutoza kiingilio. Ni vyema kuulizia kifurushi cha biashara na kukiingiza kwenye hesabu mapema.

Siku bando litakaposhuka bei, hesabu hizi zitabadilika. Atakayeumia ni yule ambaye hadi siku hiyo atakuwa anategemea kiingilio peke yake.