Chini ya udongo hakuna mwezi: tumupe muchimbaji siku yake ya kimya

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wa nyumba, leo nataka tuongee juu ya jambo moja ambalo kwetu linaletaka kicheko: mutu muzima kwenda mahali penye kutulia, peke yake, siku nzima, bila kazi mukononi. Wengi watasema hiyo ni mambo ya wazungu. Tunawaonaka mu televizyo, namna wanaenda ku visiwa vya Ugiriki, wanakaa mbele ya maji, kikombe kimoja cha kahawa kinamaliza saa mbili. Tunacheka: mutu mwenye nguvu zake anaangalia tu maji!

Mimi nasema tusicheke mbio. Wagiriki wazee wetu waliwajua pale Kasenga, ku muto Luapula. Walikuwa wavuvi na wachuruzi wa samaki, na samaki zao zilikuwa zinapanda kamyo mupaka Lubumbashi kulisha wafanyakazi wa Union Minière. Hawakuwa watu wa uvivu. Mutu anaweza kupenda kazi na kupenda pia kupumzika, moja haiuwe ingine. Na sisi hatukukosa maji. Tuko na Tanganyika. Tuko na Mpala.

Kwa yule asiyepajua: Mpala iko kando ya ziwa, kusini ya Kalemie, pale muto Lufuko unaingia mu ziwa. Jina ni la chifu Mpala, aliyekuwa pale wakati Storms, askari Mubeleji, alifika mwaka 1883 na kujenga boma. Mwaka 1885 boma likaachiwa Mapadri Weupe, na mahali pakawa misioni. Miaka ile ilikuwa ya bunduki na damu. Leo mutu anapita pale kwa sababu ya utulivu. Mbele yako ni ziwa lenye kina cha metre 1,470, la pili duniani kwa kina, nyuma ya Baikal ya Urusi.

Nilishapitisha siku nzima pale, bila programu. Asubuhi wavuvi wanarudi, wamama wanamwanga ndakala juu ya muchanga zikauke. Jua likipanda, kila mutu anatafuta kivuli. Muchana bukari na samaki, kiisha usingizi juu ya mukeka. Magaribi unatembea kidogo ku maji, unaoga, unarudi. Hakuna kingine. Saa za kwanza ni ngumu, nisiwadanganye: mutu anayezoea mashini na kamyo usiku na muchana, kimya kinamusumbua, masikio yanatafuta kelele. Saa za nyuma ndipo unasikia namna mabega yalikuwa yanauma, na ulishasahau tangu wakati gani.

Lakini kitu nilichojifunza pale si uzuri wa ziwa, ni kalendari ya wavuvi. Ndakala inavuliwa usiku kwa taa. Taa inaivuta, wavu unaikamata. Mwezi ukiwa mukubwa, taa haina tena nguvu, ndakala zinatawanyika. Basi siku zile wavuvi wanabaki inchi kavu. Wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, wanalala. Hakuna bibi anayemwambia bwana yake kwamba ni muvivu. Hakuna mujomba anayeuliza juu ya nini hajaenda kazi. Mwezi umeshawapa kongé, na kila mutu mu kijiji anaiheshimu.

Sisi watu wa shimo, nani anatupa kongé? Chini ya udongo hakuna mwezi. Kule ni giza kila siku, na giza haikuambie rudi nyumbani.

Mutasema: sheria iko. Ni kweli. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema juma la kazi lisipite saa 45, pumziko la kila juma ni la lazima, na kila mwezi muzima wa kazi unamupa mutu angalau siku moja ya kongé ya kulipwa. Lakini tuangalie namna siku zile zinaisha. Mwenye mukataba akifika nyumbani, kongé yake inakutana na karo ya watoto, na matanga, na deni ya ndugu, na nyumba ya mama inayovuja. Kila siku mutu mupya kwenye mulango. Siku ya Mungu vilevile: misa, mukutano wa jamaa, wageni. Anarudi kazini amechoka kupita vile alitoka. Na creuseur yeye hana hata ile karatasi. Anapumzika wakati mvua imejaza shimo maji, ao wakati shimo imeanguka. Hiyo si kupumzika, ni kufukuzwa na hatari.

Hapa ndipo naona jambo lenyewe ni la uzima na kifo. Kila mwenye kushuka anajua: mbele udongo uanguke, mara mingi unatoa alama. Vumbi kidogo ku mabega, jiwe dogo linaloteleza, mbao inayolia. Mutu mwenye akili timamu anasimama, anaita wenzake, wanatoka. Mutu aliyechoka anajipangusa vumbi na kuendelea kupiga. Dereva wa kamyo kubwa aliyefunga macho sekunde tatu hahitaji zaidi ya zile tatu. Tunalia sana kwenye makaburi, kiisha tunasema ni bahati mbaya, ao ni ulozi. Mara ingine ni usingizi tu ambao hatukumuachia alale.

Najua majibu yatakuwa mawili. La kwanza: mutu anayejitenga peke yake ni mulozi, ao iko na kitu anaficha. Wandugu, hiyo fikra ituachilie. Mutu aliyekaa na wenzake mu shimo moja wiki nzima, bega kwa bega, hawezi kuwa adui wa watu kwa sababu alikaa siku moja chini ya muembe. La pili ni zito zaidi: pesa ya safari itatoka wapi, na bibi je? Bibi anayeamuka saa kumi kuchota maji, anayeuza ku soko, kongé yake iko wapi?

Kwa pesa, sisemi kila mutu apande bwato aende Mpala. Kando ya muto, ku shamba, hata nyuma ya nyumba panatosha, ikiwa watu wamekubali kukuacha. Na mwenye kweli anaenda kwa ziwa, asipande mutumbwi uliojaa kupita kipimo, kwani upepo wa kusini wakati wa kiangazi hauchezi, na jile avae.

Kwa bibi, jibu ni moja: naye apewe siku yake. Bwana abaki na watoto, apike, achote maji. Mwanaume anayedai kupumzika na anakatalia bibi yake, huyo hadai haki, anadai ubwana.

Basi naomba vitu vitatu vidogo. Wakubwa wa sosiete, kongé ya mutu itoke kwa wakati wake. Wakubwa wa mashimo na kooperativa, wekeni siku moja kila juma ambayo hakuna mutu anashuka, hata kama bei ya madini imepanda. Na sisi jamaa, mutu akirudi kutoka kazini, siku ya kwanza tusimuulize deni, tusimuulize pesa. Matatizo yatamungojea, hayaendi popote. Tumuache kwanza alale.