MALEZI YA VIJANA: MTOTO AKISHINDWA MCHEZONI



Katika mabaraza yetu kuna makundi mawili ya wazazi ambayo hayachoki kubishana juu ya michezo ya vijana. Kundi moja husema kwamba mpira, mbio na mieleka ni upuuzi unaokula wakati wa chuo na wa swala. Kundi la pili husema kwamba kijana asiyecheza huwa goigoi, na ni afadhali awe uwanjani kuliko kuwa kijiweni. Wote wana hoja, na wote husahau jambo moja, nalo ndilo nitakalolizungumza mwezi huu: faida kubwa ya mchezo haipatikani siku ya kushinda. Hupatikana siku ya kushindwa, na khasa jioni ya siku hiyo, mtoto arejeapo nyumbani kwao, kwa yale atakayoyasikia huko.

Mashindano si jambo geni katika dini yetu. Amepokea Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwashindanisha farasi wa namna mbili. Wale waliokwisha kufanyiwa tadhmir waliondoka Hafyaa wakaishia Thaniyyatul Wadaa. Na wale wasiofanyiwa waliondoka Thaniyyatul Wadaa wakaishia msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tadhmir ni kumlisha farasi mpaka anone, kisha kumpunguzia chakula kidogo kidogo na kumfunika nguo bandani ili atoke jasho, mpaka nyama zake zikaze na pumzi yake iwe ndefu. Masafa ya farasi wa kwanza yalikadiriwa kuwa maili 5 au 6, na ya wale wa pili maili 1 tu.

Hapa pana mafunzo makubwa kwa kila mwenye kufundisha mchezo. Farasi asiyezoezwa hakuachwa nje ya mashindano, wala hakutupwa katika maili 6 akaanguke njiani. Alipewa maili yake 1. Mwalimu wa mpira amwingizaye mtoto wa miaka 11 katika mechi ya watu wazima, kwa kudai kwamba anamtia ushupavu, hamtii ushupavu bali anamtia khofu. Moyo hujengwa kama mwili ujengwavyo: kwa kazi inayozidi kidogo uwezo wa jana, kisha chakula na usingizi, maana ni katika mapumziko ndipo mwili unapotengeneza kilichochoshwa, kisha kazi tena. Kijana aliyekuwa akihema kwa kuzunguka uwanja mara mbili, baada ya wiki kadhaa huzunguka mara tano akizungumza na mwenziwe. Miguu imepata nguvu, ndiyo. Lakini na moyo nao umejua kwa ushahidi wake wenyewe kwamba kilicho kizito leo si lazima kiwe kizito daima. Elimu hiyo haipatikani kwa kuambiwa.

Ama kuhusu kushindwa kwenyewe, tuna khabari ya ngamia wa Mtume (S.A.W.) aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake mchanga akampita. Jambo hilo likawaelemea Waislamu, hata Mtume akaliona katika nyuso zao. Akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu chochote katika dunia hii ila atakishusha. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.). Angalieni, enyi wazazi, yasiyokuwamo katika khabari hii. Hamna neno la kwamba ngamia alikuwa amechoka, wala kwamba bedui alifanya hila, wala kwamba mbio zirudiwe. Masahaba walihuzunika, na hawakukemewa kwa huzuni yao. Walipewa tu mahali pa kuiweka.

Sasa tulinganishe na yasemwayo majumbani mwetu. Mtoto ameingia, jezi imejaa vumbi, uso umemshuka. Baba anasema: «Refa alikula rushwa.» Mjomba anasema: «Lau mngemchezesha yule mrefu, mngeshinda.» Kaka yake anasema: «Nilikwambia.» Na hili la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo baya zaidi, maana halina faida hata kwa mwenye kulisema.

Neno «lau» lina khabari yake. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kwamba wote wawili wana kheri, akatuamrisha kuyapupia yenye kutufaa, kutaka msaada kwa Mwenyezi Mungu, wala tusilegee, na tukipatwa na jambo, tusiseme lau ningefanya hivi ingekuwa vile, bali tuseme kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya, kwani lau hufungua kazi ya shetani.

Wako wanaodhani kwamba maana yake ni kutokutazama nyuma kabisa: tumefungwa, ni kadari, twendeni tukalale. Sivyo. Itazameni Sura ya Aali Imran ilivyozungumza juu ya Uhud, katika mwaka wa 3 wa Hijra. (Simfananishi mcheza mpira na mashahidi wa Uhud, nasema juu ya adabu ya msiba tu.) Kurani haikuficha sababu. Imetaja kwamba Waislamu walilegea, wakazozana juu ya amri na wakaasi baada ya kuonyeshwa wanachokipenda, nao ni wale wapiga mishale walioacha mahali pao mlimani. Sababu ikatajwa waziwazi, ili isirudiwe. Katika sura hiyo hiyo wanalaumiwa waliokaa nyuma wakasema kwamba lau ndugu zao wangewatii, wasingeuawa. Basi kuna maneno mawili tofauti. Moja lasema: tulikosea hapa. La pili lasema: lau. La kwanza lina kazi ya kufanya kesho asubuhi, na la pili halina kazi ila kumtafuna mtu ndani kwa ndani.

Nimepokea barua ya mama mmoja, na jina lake nalihifadhi. Mwanawe ana miaka 16, ni mlinda mlango wa timu ya mtaa wao. Katika fainali ya kombe la likizo, dakika za mwisho, mpira wa chini ulimponyoka mikononi ukaingia golini. Tangu siku hiyo hajakwenda uwanjani. Kisha akaacha na chuo, kwa kuwa wenziwe wa darsani humwigiza kwa mikono jinsi mpira ulivyomponyoka. Baba yake amesema mpira ndio basi. Na wachezaji wakubwa wamemwambia kijana kwamba kosa si lake: wapinzani walikuwa na mganga, na safari ijayo wao nao watakwenda kwa wa kwao. Mama anauliza afanye nini.

Nianze na huyo mganga. Katika mpira wa kwetu limezoeleka jina la heshima la «kamati ya ufundi» kwa wale wanaoshughulika na hirizi, mayai na vitu vya kufukia golini. Jina zuri halisafishi kitu. Ni shirki au mlango wake, na mwenye kumpeleka kijana huko amempoteza katika jambo kubwa kuliko kombe. Lakini liko na dhara la pili, ambalo hata asiyejali dini aweza kuliona. Kijana aliyeaminishwa kwamba alifungwa kwa uganga hana la kuzoeza kesho. Mikono yake, miguu yake, pumzi yake, vyote vimeondolewa hatia, na kwa hiyo vimeondolewa na tiba. Humfanya mtu mnyonge kwa kisingizio cha kumfariji.

Nawe baba, uliyesema basi, hukumwondolea mwanao maumivu. Umemfundisha kwamba kinachouma huachwa. Mpira aweza kuuacha bila ya hasara kubwa. Lakini mafunzo hayo atakwenda nayo kwenye mtihani wa shule, kwenye biashara ya kwanza itakayokula hasara, na kwenye ndoa.

Shauri langu ni hili. Kijana arudi chuoni kwanza, na mwalimu wake aikomeshe mizaha ile, kwa kuwa kudharauliana kumekatazwa na Kurani katika Sura ya Hujurat na darsa si mahali pake. Kisha baba achague jioni moja amuulize swali lenye jibu: «Mpira ulipokujia, goti lako lilikuwa chini au juu? Mwili ulikuwa nyuma ya mikono au pembeni?» Mlinda mlango yeyote atawaambia kwamba mpira wa chini hudakwa kwa kuinama na kuweka mguu au goti nyuma ya mikono, ili ukiponyoka ugonge mwili. Basi baba na atoke naye nyuma ya nyumba, ampigie mipira ya chini, ishirini leo, arobaini kesho, mpaka mwili ujue wenyewe. Baba asiyejua kupiga mpira ndiye afaaye zaidi. Hupiga ovyo, na mipira ya ovyo ndiyo migumu. Baada ya hapo kijana arudi katika timu ile ile aliyofungwa nayo, asihamie nyingine. Akikutwa na wengine golini, na akae benchi.

Mfano wa jambo hili tunao karibu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia katika mbio za marathoni, kilomita 42 na ziada. Mji ule uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na misuli ikamkaza. Kisha akaanguka katika msongamano wa wakimbiaji akaumia vibaya goti. Waliomaliza mbio walikuwa 57, naye ni wa 57, akiingia uwanjani kwa kuchechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Khabari hiyo imesimuliwa dunia nzima, na inastahiki. Walakini wasimulizi wengi huishia pale uwanjani. Mimi hunipendeza zaidi iliyofuata: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena akawa wa tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Baina ya goti lile na siku ile kuna miezi kama 21. Miezi hiyo haina picha wala makofi. Mtu anaamka, anakimbia, anarudi, anaamka tena. Kama kuna mahali ushupavu ulipotengenezwa, ni humo.

Najua vijana watauliza mbona sikumtaja Muhammad Ali, aliyepigwa na Joe Frazier mjini New York mwezi Machi 1971, akaangushwa katika raundi ya 15 na akainuka, kisha tarehe 30 Oktoba 1974 akamshinda George Foreman mjini Kinshasa na kuurudisha ubingwa. Subira yake katika miaka ile haikanushiki. Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso, na ngumi shabaha yake ni kichwa, kwa hiyo chukueni subira, na mchezo wenyewe uacheni.

Mabinti nao wana fungu lao, mahali penye sitara. Abu Daud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.A.) kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, akamshinda, hata baadaye, alipokuwa ameongeza mwili, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa bashasha kwamba hii ni kwa ile. Mbora wa viumbe alipitwa mbio na mkewe, na haikuwa fedheha. Kwetu kuna wanaume hawachezi hata bao na wake zao kwa kuogopa kushindwa.

Limebaki suala la saa, ambalo wazazi wengi wameniandikia. Mazoezi yaanze mara baada ya Alasiri, na yamalizike kabla ya Maghribi kwa muda wa kutosha kuoga na kutawadha. Pakiwa hapana budi kuchelewa, pawe na maji na mikeka ukingoni mwa uwanja, na filimbi ilie adhana isomwapo. Katika Ramadhani kazi nzito iwe baada ya futari na Tarawehe, na mchana iwe nyepesi. Wala msikubali kuambiwa kwamba saumu na mchezo haviendi pamoja: Hakeem Olajuwon, mcheza mpira wa kikapu wa Houston nchini Marekani, alicheza hali amefunga katika Ramadhani ya Februari 1995, na mwezi huo akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yao. Yeye lakini ni mtu mzima aliyezoezwa. Mtoto wa miaka 12 aliyefunga msimkimbize saa tisa juani.

Na mwalimu wa mpira akikataa kabisa kusimamisha mazoezi kwa ajili ya Maghribi, mwendeeni kwa adabu mara ya kwanza na ya pili. Akishikilia, mtafutieni watoto mwalimu mwingine.

Wabillahi tawfiq.