Anayeanza ndiye asiyepaswa kupewa "chochote"

1/8
Mama zangu, na ninyi baba vijana mlio humu, leo sisemi chanjo wala uji. Nasema piano. Najua kuna atakayeuliza, nesi na piano wapi na wapi? Subirini, mtaona inanihusu.

Swali linakuja kila mara: "Nesi, mtoto ana miaka 7, ameanza masomo ya piano, nimnunulie kipi cha bei nafuu?" Na majibu yenu chini yake ni yale yale: "Mnunulie chochote, si anaanza tu. Akipenda utamnunulia kizuri."

Hiyo kauli ndiyo nimekuja kupambana nayo. Inaonekana ya busara, inaonekana inabana matumizi. Kumbe inaua hamu ya mtoto, halafu lawama anabebeshwa yeye.

2/8
Tuanze na jina lenyewe. Piano ya kwanza aliitengeneza Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, Italia, kwenye mwaka 1700 hivi. Kinanda cha nyuzi kilichotumika sana wakati ule, ukibonyeza taratibu au kwa nguvu, sauti ilitoka ile ile. Yeye akaweka nyundo ndogo za kugonga waya. Ukigusa kidogo inanong'ona, ukigonga inapaza. Ndiyo maana kikapewa jina la Kiitaliano lenye maana ya "taratibu na kwa nguvu". Sisi tumebakiza neno moja tu, piano.

Sasa wewe unaleta nyumbani kinanda ambacho mtoto akigusa kwa upole au akikipiga ngumi, sauti ni ile ile. Jamani, hapo umenunua kila kitu isipokuwa piano.

3/8
Angalieni kinachotokea. Mtoto anafanya mazoezi wiki nzima kwenye kinanda chepesi kama rimoti ya TV. Jumamosi anaenda kwa mwalimu kwenye piano yenyewe. Vibao ni vizito, vidole vinachoka, noti moja inapiga kelele na nyingine haisikiki. Mwalimu anasema, "Hukufanya mazoezi." Mtoto amefanya! Baada ya miezi mitatu kinanda kiko juu ya kabati na mama anaambia majirani, "Wangu hana kipaji."

Kliniki mzani ukiwa mbovu, tunatengeneza mzani. Hatuandiki kwenye kadi kwamba mtoto hakui. Kwa nini nyumbani tunafanya hivyo?

4/8
Muuzaji naye ana mchezo wake. Ukiingia dukani atawasha taa, atakuonyesha sauti mia kadhaa, midundo, na wimbo unaojipiga wenyewe. Mtoto anarukaruka, wewe unatoa hela. Mtoto wa mwaka wa kwanza anahitaji sauti moja tu, ya piano. Zilizobaki ni za kumtoa kwenye mazoezi.

Nenda na futi ya fundi cherehani mkobani, ufanye haya:

- Pima vibao 7 vyeupe vilivyofuatana. Viwe karibu sentimita 16 na nusu. Vikipungua sana, hicho ni cha kuchezea.
- Chagua sauti ya piano. Bonyeza kibao kimoja taratibu, halafu kwa nguvu. Sauti isipobadilika, rudisha.
- Kwenye piano ya dijitali yenye uzito, vibao viwe vinasukuma kidole kidogo, na vya kushoto viwe vizito kuliko vya kulia.
- Hesabu vibao. Piano kamili ina 88.

Muuzaji akikununia, mwache anune. Hela ni yako.

5/8
Najua mnataka majina, haya. Kati ya zile za bei ya chini zenye vibao 88 vyenye uzito, tafuta Yamaha P-45 au mdogo wake P-145, Casio CDP-S110, au Roland FP-10. Yoyote kati ya hizo itamtosha mtoto miaka kadhaa. Ya mtumba iliyotunzwa ni bora kuliko kinanda kipya cha taa.

Hela haifiki huko? Sawa, chukua chenye vibao 61 vya ukubwa kamili, lakini kiwe kinahisi nguvu ya kidole. Hapa ndipo wengi mnapopigwa, maana vinafanana. Casio CT-S200 haihisi, CT-S300 inahisi. Yamaha PSR-E273 haihisi, PSR-E373 inahisi. Soma namba mwenyewe, usisomewe. Hiki kitamvusha mwanzo, kisha mpange kupanda.

Chini ya hapo usinunue. Omba mtoto afanyie mazoezi kwa mwalimu, shuleni au kanisani siku mbilitatu kwa wiki. Nusu saa kwenye piano yenyewe inamfaa kuliko wiki nzima kwenye kinanda cha kuchezea.

6/8
Wanaonunua mtumba kutoka Japani, someni hapa mara mbili. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Angalia kibandiko cha adapta. Kikisema 100–240V, uko salama. Kikisema 100V peke yake, ukichomeka ukutani umeunguza. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake iingize kwenye bei kabla hujafurahi.

Jaribu kila kibao kimoja kimoja, vyote 88. Chomeka na spika za masikioni, na pedali kama ipo. Anayekataa usijaribu ana sababu.

7/8
Sasa uwanja wangu. Msiweke piano juu ya meza ya chakula. Inakuwa juu mno, mtoto anapandisha mabega na kukunja viwiko, kisha mnaniuliza kwa nini analalamika shingo. Akikaa, viwiko viwe usawa wa vibao. Miguu isining'inie, weka kigoda chini. Stendi isitikisike.

Spika za masikioni ni nzuri kwa amani ya nyumba, lakini kwa watoto Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 75 usizidi saa 40 kwa wiki. Nyumbani fanya hivi: ukimwita ukiwa karibu naye kwa sauti ya kawaida, akusikie. Asiposikia, punguza.

8/8
Najua mtakalosema. "Nesi, mbona vijana wa kwaya wamejifunzia vinanda vibovu na wanapiga vizuri?" Kweli, na nawaheshimu. Ila wengi wao wanapiga kwa mtindo wa ogani, na ogani ya kanisani haitegemei nguvu ya kidole. Kama mwanao anaandaliwa kwa hiyo, vibao vyepesi havina shida. Kama mwalimu anamfundisha piano, ni habari nyingine. Na hao unaowaona ni waliobaki. Walioacha huwaoni.

La pili, "hela hatuna." Wapo wasio nayo kweli, na kwao nimeshasema: omba nafasi ya mazoezi, hakuna aibu. Lakini wengine tunajuana. Mahafali ya chekechea tulikodi joho, keki na mpiga picha. Kitchen party tunaundiwa kamati na kuchangia bila kununa. Siku ya kuzaliwa mtoto, waambie mashangazi na wajomba wasilete midoli, wachangie piano. Moja, ya miaka.

Na kabla hujasema mwanao hana kipaji, nenda kwenye kinanda chake. Bonyeza taratibu, kisha kwa nguvu. Sikiliza. Halafu ndiyo uje tuongee habari za kipaji.

Mtumie yule anayekwenda dukani Jumamosi hii, kabla hajalipa.