Afya ya Watoto: Si Kila Mkoromo ni Kimeo

Kau ni kijiji kilicho kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, na safari ya kwenda hospitali si fupi. Mtoto akizaliwa huko, na baada ya wiki mbili akaanza kukoroma kila avutapo pumzi, wazee huweza kusema, "Ni kimeo," na mkata kimeo akaitwa. Desturi hii yajulikana pwani na bara pia. Lakini kimeo ni nadra sana kuziba njia ya pumzi, na jeraha lake huweza kuleta kutokwa na damu nyingi, uvimbe, na hata pepopunda.

Je, mkoromo hutoka wapi? Mara nyingi hutokana na koromeo ambalo bado ni laini, nalo hujikunja ndani mtoto avutapo pumzi. Sauti huzidi akilala chali, hupungua akiinuliwa. Yafaa mtoto huyu aonyeshwe kwa mganga wa hospitali. Lakini akiwa ananyonya vyema na kunenepa, dawa yake kubwa ni subira, kwani wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka 2.

Zipo sababu nyingine zilizo adimu. Pengine pua imeziba kwa nyuma tangu kuzaliwa: mtoto hugeuka rangi anyonyapo, na akilia hali humrudia, kwa kuwa kilio humfungua kinywa. Mkunga hujaribu kupitisha mpira mwembamba puani; usipopita, shauri ni la upasuaji. Pengine mshipa mkubwa wa damu umezunguka njia ya pumzi na ya chakula, basi mtoto hukoroma na kupaliwa. Pengine vinyama vimeota kooni, na sauti yake hukwaruza. Mambo haya daktari huyatambua kwa picha za kifua, au kwa kuchungulia kooni kwa chombo chenye taa. Wembe hauyaoni.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mbavu zikibonyea ndani kwa kila pumzi, midomo ikigeuka rangi, au mtoto akishindwa kunyonya, wazazi wasingoje kupambazuke. Na wafike Kipini, Ngao au Malindi, wakaeleze mkoromo ulianza lini, na huzidi wakati gani. Maelezo hayo ya mama ndiyo mwanzo wa kazi ya daktari.