Mfungaji Atoke Ng'ambo, Timu Ibaki Nyumbani

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kurasa za michezo hujaa picha za mshambuliaji aliyeteremka uwanja wa ndege, jezi mpya mkononi, na kiongozi wa klabu akitabasamu ubavuni pake. Habari huwa ni ile ile: amepatikana mfungaji hodari kutoka ng'ambo, na sasa nyavu za wapinzani zitatikisika. Mashabiki hushangilia. Wachache huuliza fedha zimetoka mfuko gani. Wachache zaidi huuliza iwapo timu yenyewe, siku mfungaji huyo atakapofungasha mizigo yake, itakuwa bado ni yao.

Swali hili la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza leo, na tutalizungumza kwa kuitazama mikoa ya Mbeya na Iringa. Msomaji wa Visiwani asishangae kwamba tumevuka bahari na kupanda hadi Nyanda za Juu Kusini. Mambo yaliyotokea huko baina ya mwaka 2019 na 2025 ni somo lenye mwanzo na mwisho. Klabu za Unguja na Pemba, ambazo nazo hutafuta wachezaji na wafadhili kutoka nje, zitanufaika kulisoma kabla halijazifika zenyewe.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Katika misimu 12 ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara, tangu 2013/14 hadi 2024/25, heshima ya mfungaji bora ilikwenda kwa wageni katika misimu 8. Amissi Tambwe wa Burundi aliipata mara mbili, kwanza akiwa Simba na kisha Yanga. Emmanuel Okwi wa Uganda aliipata mara moja. Meddie Kagere wa Rwanda aliipata mara mbili mfululizo, kwa mabao 23 na kisha 22. Mwaka 2023 Fiston Mayele wa Kongo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi waligawana heshima hiyo kwa mabao 17 kila mmoja. Mwaka uliofuata Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso akafunga 21, na mwaka 2025 Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast akamaliza na 16.

Mtu anaweza kuitazama orodha hiyo akasema kwamba dawa imekwisha kujulikana, kila klabu na ikatafute mgeni wake. Lakini orodha hiyo hiyo ina jambo la pili ambalo aghalabu halisemwi. Wageni wote tuliowataja waliimaliza misimu hiyo wakiwa na jezi ya Simba au ya Yanga. Nje ya klabu hizo mbili za Kariakoo, waliofika kileleni katika miaka hiyo 12 ni wawili tu: Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, aliyefungana na Simon Msuva wa Yanga kwa mabao 14 msimu wa 2016/17, na George Mpole wa Geita Gold, aliyefunga 17 msimu wa 2021/22 na kumwacha Mayele nyuma kwa bao moja. Wote wawili ni Watanzania. Kwa maneno mengine, klabu kubwa imenunua mabao, lakini klabu ya mkoani iliyotoa mfungaji bora imemtoa miongoni mwa vijana wa nchi hii. Viongozi wa klabu ndogo wanaofikiri kwamba njia ya mkato ipo kwenye ndege, hawana budi kulitafakari hilo.

Haimaanishi kwamba mgeni hana thamani. Wananchi wa Iringa wanaijua thamani yake kwa uchungu. Tarehe 1 Juni 2019, katika uwanja wa Ilulu mjini Lindi, timu yao ya Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam. Mshindi alikuwa akisubiriwa na michuano ya Afrika. Mchezo uliamuliwa kwa bao moja tu, na aliyelifunga ni Obrey Chirwa, mshambuliaji kutoka Zambia. Msimu uliofuata Lipuli ikashuka daraja, na uwanja wa Samora ukabaki bila Ligi Kuu.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Kutoka Mbeya mjini hadi mpaka wa Zambia pale Tunduma ni mwendo wa takriban kilomita 100, ilhali Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 800. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, Mzambia au Mmalawi ni jirani wa kupeana chumvi. Hata hivyo, mfungaji yule aliwapita majirani zake, akaenda pwani kwenye fedha, kisha akarudi kuwafunga. Mtaji hauangalii ujirani.

Upande wa pili wa mizani ni Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022, Yanga iliingia katika uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, ikiwa haijafungwa katika michezo 49 ya ligi. Ihefu, timu ya wilaya inayolima mpunga, ikaikomesha kwa mabao 2 kwa 1. Bao la kusawazisha lilipigwa na Never Tigere kutoka Zimbabwe, na la ushindi likafungwa na Lenny Kissu, kijana wa Kitanzania. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji akapona kweli. Tukitafuta mfano wa namna mchezaji wa nje anavyopaswa kutumika katika timu ya mkoani, huo unatosha. Alikuja kuongeza nguvu juu ya nguvu iliyokuwapo. Mwezi Oktoba 2023 Yanga ilirudi Ubaruku, ikafungwa tena 2 kwa 1.

Baada ya hapo ndipo lilipotokea lile linalotufanya tuandike. Msimu wa 2023/24 ukiwa katikati, Ihefu ilihamishia makao yake Singida. Katika dirisha dogo la Januari 2024 ikapokea wachezaji wengi wapya, wakiwamo Marouf Tchakei wa Togo na mshambuliaji Elvis Rupia wa Kenya. Msimu ulipokwisha, hata jina likaondoka, na timu ikaitwa Singida Black Stars. Januari 2025 ikamsajili Jonathan Sowah kutoka Ghana, ambaye kwa nusu msimu tu alifunga mabao 13 ya ligi. Timu ikamaliza katika nafasi ya nne. Mwezi Juni mwaka huo wananchi wa Unguja waliiona kwa macho yao katika uwanja wa New Amaan, ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Yanga mabao 2 kwa 0. Kabla ya msimu mpya kuanza, Sowah naye alikwisha kuhamia Simba.

Hatuwalaumu ndugu zetu wa Singida, ambao nao wana haki ya kuwa na timu nzuri. Wala hatumlaumu mchezaji, kwani mchezaji hufuata riziki yake. Tunachosema ni kwamba katika fainali ile ya Amaan, nafasi iliyokuwa ikiliwa matunda yake ilipandwa Mbarali. Ihefu ni jina la ardhi oevu katika bonde la Usangu, inayoulisha Mto Ruaha Mkuu, na wengi wetu tunalijua bonde hilo kwa mchele wake. Vijana wa Ubaruku waliokuwa wakiokota mipira nyuma ya goli siku Yanga ilipofungwa, leo hawana Ligi Kuu ya kuitazama karibu na kwao. Kadiri wafungaji kutoka ng'ambo walivyoongezeka, ndivyo timu ilivyozidi kwenda mbali na watu walioianzisha.

Historia ya mkoa wa Mbeya inaonyesha kwamba ipo njia nyingine, japokuwa nayo ina mashimo yake. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya wilaya ya Rungwe, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Haikuwa na fedha za kushindana na Dar es Salaam, bali ilikuwa na vijana wa mji mdogo uliozungukwa na migomba na mashamba ya chai. Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji la Mbeya ikaanzisha Mbeya City. Katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na uwanja wa Sokoine ukawa haupitiki kwa wingi wa watu.

Lakini Tukuyu Stars haikudumu kileleni, na Mbeya City nayo ilishuka daraja mwaka 2023 baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo, hadi ilipopanda tena kwa msimu wa 2025/26. Udhaifu wa timu hizi haukuwa ukosefu wa mgeni. Mchezaji alipong'ara alichukuliwa na klabu za pwani, na nyuma yake hapakuwa na kijana mwingine aliyekwisha kuandaliwa. Deus Kaseke alipokwenda Yanga mwaka 2015, lilikuwa jambo la kumpongeza yeye. Lililohitaji kuulizwa ni nani alikuwa akifundishwa kukaa mahali pake.

Mpira wa kikapu unatupa funzo la namna hiyo hiyo. Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani, NBA, mwaka 2009. Alianza kuucheza mchezo huo akiwa kijana mkubwa, na aliupikia ustadi wake katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Miongoni mwetu vipaji havijakosekana. Kilichokosekana ni viwanja na walimu mashuleni. Ligi ya Kikapu ya Afrika ilipoanza mwaka 2021, kanuni zake ziliruhusu kila timu iwe na wageni wasiozidi 4, na miongoni mwao wasiozidi 2 kutoka nje ya Afrika. Waliotunga kanuni hiyo walitambua kwamba mdunguaji kutoka ng'ambo huvuta watazamaji, lakini walihakikisha kwamba wenyeji wanabaki kuwa wengi. Katika kandanda yetu idadi ya wageni walioruhusiwa kusajiliwa imefika 12 kwa klabu. Yafaa ieleweke kwamba ruhusa si amri. Klabu ya mkoani haina sababu ya kujaza nafasi zote 12 kwa kuwa tu kanuni haikukataza.

Kwa mintarafu hiyo tunayo mapendekezo matatu.

La kwanza ni umiliki. Kwa klabu za wanachama zinazogeuzwa kuwa kampuni, Serikali iliweka utaratibu wa wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Huo ni msingi mzuri, lakini haumlindi mwananchi wa wilaya ambaye timu yake haikuanza kwa kadi za uanachama. Tunashauri Baraza la Michezo la Taifa, na wenzao wa Zanzibar, waweke masharti ya wazi kwamba timu haitahamishwa kutoka mkoa uliyoisajili bila uongozi wa michezo wa mkoa huo kusikilizwa, na kwamba haitahamishwa kamwe wakati msimu unaendelea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni mkataba wa mgeni. Mshambuliaji anayelipwa vizuri aandikiwe kazi mbili: kufunga, na kufundisha. Kila juma awe na saa zake na vijana wa timu ya pili, hasa wale wanaocheza nafasi yake. Miaka miwili ikipita, klabu iweze kumtaja kwa jina kijana aliyenufaika. Ikishindwa, basi ijue kwamba imekodi tu.

La tatu linazihusu halmashauri. Fedha ya halmashauri ni ushuru wa mama anayeuza ndizi katika soko la Mwanjelwa na wa mkulima wa mahindi wa Iringa. Halmashauri kuwa na timu si kosa, na Mbeya City ilileta furaha ambayo haipimiki kwa shilingi. Hata hivyo, kabla fedha hiyo haijamlipa mgeni, sharti iwe imekwisha kusawazisha viwanja vya shule na kugharimia mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambako kina Kissu wa kesho wanachezea.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, jambo hili si la mbali. Malindi ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1989 na 1992. Mlandege imelichukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, ikiifunga Singida Big Stars 2 kwa 1 mwaka 2023, na Simba 1 kwa 0 mwaka 2024. Ushindi huo utawavuta wenye fedha, na ni vyema waje. Watakapokuja, viongozi wa klabu wakae nao wakiwa na katiba na daftari la wanachama mkononi, na watendaji wa Serikali wausome mkataba kabla haujatiwa saini.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikukataza msaada kutoka nje. Lilikataza msaada kufanywa msingi wa maisha yetu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mfungaji wa kigeni. Aje, apokewe kwa taadhima, alipwe haki yake kwa wakati, ashangiliwe anapofunga. Lakini timu ni amana ya watu wa mahali ilipozaliwa, na viongozi waliopewa dhamana ya michezo, wa Bara na wa Visiwani, wana wajibu wa kuhakikisha kwamba mgeni anapoaga, wenyeji wanabaki na timu yao.