Mchuma wa Milioni Nne: Nani Hununua Bunduki Asiyoruhusiwa Kutamba Nayo?

Sote tuko na ile picha. Umesimama mbele ya Fort Jesus, miwani ya mia mbili usoni, mkono umeegemea mzinga, kapsheni ya kijeshi chini. Fiti. Sasa ngoja nikuulize: kati ya ile mizinga, ushawahi kuona ule mmoja usiofanana kabisa na ya Mreno? Mrefu, chuma cha kisasa, kama umetolewa kwenye filamu ya vita?

Ule ni wa meli ya Mjerumani, Königsberg. Septemba 20, 1914 hiyo meli iliingia Zanzibar asubuhi, ikakuta meli ya Mwingereza, Pegasus, imetia nanga inatengenezwa injini. Ikaizamisha palepale. Waingereza wakawaka, wakaisaka mpaka delta ya Rufiji, na Julai 1915 Königsberg ikaishia huko kwenye mikoko. Lakini Wajerumani hawakukubali mizinga yao kumi iliwe na kutu majini. Waliiopoa, wakaivuta nchi kavu, wakaendelea kupigana nayo. Iliyobaki leo ni ya kuhesabu: kuna wa Pretoria, kuna wa Jinja, na kuna huu wetu, ambao wewe uliukalia ukila mabuyu.

Sasa weka huo mzinga mnadani. Haupigi, hauna risasi, na hauwezi kupita kwa kichochoro chochote cha Kibokoni. Nakwambia kuna msee mahali angeuza nyumba aununue. Huyo msee ndiye nataka tumwelewe leo, juu dunia iko na wengi kama yeye, na wengi wao hawataki mizinga. Wanataka bunduki ambazo sheria imezibana koo, na wanalipa pesa ambayo wewe na mimi tungenunua ploti Mtwapa.

Tuanzie Marekani, juu huko pesa inaonekana wazi. Watu mtaani hudhani Marekani unaingia dukani unatoka na chuma chochote. Zii. Bunduki ya kumimina, ile ukibonyeza inalia mpaka uachilie, imebanwa tangu 1934. Waliiwekea ushuru wa dola 200 kila inapobadilisha mikono, na dola 200 za wakati huo zilikuwa pesa ya mtu mzima. Halafu Mei 19, 1986 wakafunga bomba kabisa: mpya yoyote baada ya tarehe hiyo haiendi kwa raia wa kawaida. Zilizokuwa zimeandikishwa kabla zikabaki halali, na idadi yake ikaganda.

Unaona kilichofanyika hapo? M16 iliyoandikishwa kabla ya hiyo tarehe leo inaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 30,000. Ni karibu milioni nne za Kenya. Jeshi lao linanunua kitu cha aina hiyohiyo kwa sehemu ndogo sana ya hiyo bei. Kwa hivyo huyo mteja halipii chuma. Analipia tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Wewe unayelalia foleni ya viatu unaelewa hii hesabu, sema tu viatu viko na ujanja mwingine. Nike wakiona Jordan fulani imepanda bei wanaweza kuitoa tena mwaka ujao, na yako inashuka. Sheria ya 1986 haijawahi kutoa toleo la pili. Ndio maana utapata mzee huko Texas anapiga kelele kuhusu uhuru wa bunduki mchana kutwa, lakini usiku akifungua sefu yake anaomba ile sheria isiguswe. Ikilegezwa, milioni nne zinarudi kuwa laki moja na ushee. Marufuku ndiyo inamlinda. Hiyo kwangu ndiyo sehemu tamu zaidi ya stori hii yote, na wenyewe hawapendi kuizungumzia.

Lakini si kila mtu ananunua kwa sababu ya uhaba. Wengine wananunua stori. Agosti 2021, mnada wa Bonhams uliuza bastola moja kwa zaidi ya dola milioni 6. Bastola ya kawaida kabisa ya Colt, ukiiona mezani utapita. Ila ndiyo ile ambayo Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka wa 1881. Ondoa jina la Garrett hapo, inabaki chuma kikuukuu.

Na sisi tuko na yetu. Aprili 1909, Theodore Roosevelt, ndio ametoka tu urais wa Marekani, alishuka hapa Mombasa na mwanawe Kermit kwenda kuwinda. Kwenye mizigo kulikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki zake Waingereza. Baba na mwana walihesabu wenyewe wanyama wakubwa 512. Mia tano na kumi na mbili, wallahi, na bado wakaita hiyo safari ya kisayansi. Hiyo bunduki leo iko kwenye makumbusho ya Frazier, mji wa Louisville, nyuma ya kioo. Ilipita bandari yetu, ikapanda treni yetu, ikaua ndovu wetu, na anayekatiwa tiketi ya kuiona ni mtu wa Kentucky. Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji 1977, na bunduki za aina hiyo zikabaki bila kazi. Hapo ndipo kitu huanza kuwa cha makumbusho, kikikosa kazi.

Sasa njoo Mji wa Kale, tukae barazani kidogo.

Pwani hii imejua bunduki kabla ya hiyo mitaa ya Nairobi kuzaliwa. Mreno alianza kujenga Ngomeni 1593. Waomani wakaizingira kuanzia 1696, karibu miaka mitatu, mpaka wakaichukua Desemba 1698. Baadaye wakaja Mazrui wakautawala mji mpaka 1837. Kwenye hizo zama zote bunduki kwa mwanamume wa pwani ilikuwa kama jambia kiunoni, sehemu ya heshima yake mbele ya watu. Halafu 1890 wazungu wakakaa Brussels, wakatia saini mkataba mmoja. Ndani yake kulikuwa na vipengele vya kumaliza biashara ya watumwa, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini kulikuwa pia na kipengele kuhusu silaha: kwenye sehemu kubwa ya Afrika, bunduki nzuri za kisasa zisiingie mikononi mwa wenyeji. Wenyeji waachiwe magobore ya jiwe, yale ya kushindilia baruti kwa mdomo.

Miaka mitano tu baadaye, 1895, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui akawapigania Waingereza huku kwetu mpaka 1896 alipovuka kwenda upande wa Mjerumani. Pima mwenyewe kama ule mkataba ulikuwa wa watumwa peke yake.

Ndiyo maana ukienda Oman, ambako nusu ya Mji wa Kale iko na mjomba, bunduki ya kale ni kitu kingine kabisa. Soko la Nizwa utapata maduka yanauza bunduki za zamani karibu na majambia, kama sisi tunavyouza vikoi. Wanaume wanazishika kwenye ngoma za sherehe. Inayopendwa ni Martini-Henry, ya Mwingereza, miaka ya 1870, ambayo ilimwagika sana Maskati zamani. Mtu ananunua ile ambayo babu yake alinyimwa. Hapo sina ubishi naye.

Ubishi ni kwa feki. Mafundi wa mpaka wa Pakistani na Afghanistan wamezinakili hizo Martini kwa zaidi ya karne, na wanagonga mpaka muhuri wa Malkia Victoria, V.R. Shida ni kwamba Victoria alikufa Januari 1901, na wakati mwingine chini ya muhuri wake unakuta mwaka ambao yeye alikuwa kaburini kitambo. Au herufi N imegongwa kinyume. Mtalii analipa, anapanda ndege na kicheko, anafika nyumbani anaonyeshwa. Si tofauti na yule anayeuziwa mlango wa kale wa Kiswahili uliochongwa mwezi jana ukapakwa moshi.

Sasa Kenya. Hapa ndipo naomba uache kuchekacheka.

Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti na uwe na sababu ya maana ya kuwa na bunduki. Halafu kuna kundi limetajwa kwa majina: AK-47, G3, MP5 na ndugu zao. Ukipatikana na moja ya hizo bila kibali, ni kifungo cha maisha. Kwa hivyo ule ukusanyaji wa Texas hapa haupo. Kilichopo ni bastola na karatasi yake, na kwa maoni yangu, hapa Kenya watu hawakusanyi bunduki. Wanakusanya ruhusa. Tajiri anapoacha kishikio kichungulie chini ya koti kwenye hoteli ya Nyali, hakuonyeshi chuma. Anakuonyesha kwamba kuna mahali alienda, mtu akamtazama, akasema huyu apewe. Wewe hungepewa, na yeye anajua unajua.

Hiyo ruhusa imewahi kuchezewa mpaka serikali yenyewe ikashtuka. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama, aliamuru kila raia mwenye leseni ajitokeze akaguliwe upya ndani ya siku 90. Na hao ni wale wanaojulikana. Makadirio ya Small Arms Survey ya 2018 yaliweka bunduki za raia Kenya kama 750,000. Zilizosajiliwa? Elfu nane na kidogo. Rudia hizo namba mbili taratibu.

Kwa hivyo chuma kilekile kinaishi maisha mawili kwenye kisiwa kimoja. Upande mmoja kiko ndani ya sefu, na mwenyewe anakipaka mafuta Jumapili. Upande wa pili kiko kwenye ile ripoti ya asubuhi ambayo ushaisoma mara mia: vijana wawili, ufyatulianaji, bastola moja imepatikana. Haki Africa, hao wa hapa Mombasa, walitoa ripoti mwisho wa 2016 yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotezwa mikononi mwa vyombo vya usalama tangu 2012. Sisemi wote walikuwa malaika. Nasema maiti haiwezi kuulizwa kama ile bastola ilikuwa yake.

Na usidhani ya bandia inakuokoa. Kuna vijana wameshtakiwa kwa bastola ya plastiki, kifungu cha 34, juu sheria ikiona nia ya uhalifu haijali kama inatoa risasi au maji. Kwa hivyo wewe wa Kuze na Majengo unayepiga video na mguu wa kuku wa kuchezea ili upate wafuasi, karao hana muda wa kuikagua kabla hajaamua.

Halafu kuna nyumba zetu zenyewe. Nyumba za Mji wa Kale zina madari, na madari yana vitu. Ukipata gobore la babu limefungwa kanga huko juu, usiliweke status, usilibebe kwenye tuktuk kulipeleka popote, na usimpe yule jamaa wa vitu vya kale anayesema atakupa elfu ishirini bila maswali. Liache hapohapo. Tafuta wakili au mzee wa mtaa, mpige simu kituoni waje wenyewe mkiwa na shahidi, na muombe watu wa makumbusho pale Ngomeni walitazame pia. Kabla hawajafika, mkalishe babu chini akwambie lilitoka wapi.